Korosho, Kikokotoo na Mtu Anayebaki

Minada ya kwanza ya korosho ya Oktoba 2024 ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, karibu mara mbili ya bei ya msimu uliotangulia, kaya nyingi za Mtwara na Lindi zilishika fedha ambazo hazijawahi kuzishika. Tangu hapo, kila malipo yanapoanza kuingia benki, mawaidha ni yaleyale: jukwaani, msikitini, kanisani, redioni na kwenye makundi ya simu ya wana wa kusini walioko Dar es Salaam. Acheni ngoma, jengeni nyumba. Acheni starehe, somesheni watoto. Miezi michache kabla ya minada hiyo, bajeti ya serikali ya Juni 2024 ilikuwa imepandisha mkupuo wa mafao ya kustaafu, kile tunachokiita kikokotoo, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi wa umma waliokuwa wakilipwa asilimia 50 kabla ya kanuni ya 2022. Wastaafu nao wakapata mawaidha yao: fuga kuku, nunua hati fungani, malizia nyumba, wagawie watoto mapema wasije wakagombana. Mkulima wa Tandahimba na mwalimu wa Lindi anayefikisha miaka 60 ni watu wenye maisha tofauti kabisa, lakini wanaambiwa jambo moja.

Kujenga na kusomesha ni mambo mema na sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni dhana iliyo chini ya mawaidha hayo, kwamba fedha ya ziada na muda wa ziada vina njia mbili tu halali, uzalishaji na familia, na kila kinachobaki ni anasa. Naamini mtu mzima anahitaji walau jambo moja ambalo halimlipi mshahara na halimlipii deni la ukoo, jambo analolifanya kwa kuwa ndani yake anajiona yuko kamili. Naamini pia kwamba kusini hii ilikuwa na nafasi pana ya jambo hilo, tena kwa gharama ndogo, na kwamba leo wanaoishambulia ngoma na wanaoitetea wanaibana nafasi hiyo kwa pamoja, kwa sababu wote wawili wanaipima kwa shilingi.

Tuanze na uzito wa majukumu yenyewe, maana anayetoa mawaidha akiwa mbali huusahau upesi. Mkorosho haumwachi mtu apumue. Ukimaliza kupalilia na kupogolea, kuanzia Juni unapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Maua yakipona unasafisha chini ya miti. Oktoba unaanza kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kuanika, kuchambua madaraja na kupeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika. Na kabla hujalipwa zote, mvua za Desemba zinakuita kwenye mahindi, mihogo na mbaazi. Mtu huyohuyo, kama ni Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera, ni mjomba wa watu. Katika koo zetu nyingi zinazofuata upande wa mama, mjomba ndiye anayetazamwa mpwa akikosa ada, akiugua, akiposa, akipelekwa jando. Mkewe naye ni mama wa wanawe, dada wa kaka zake, mkwe wa watu na bibi wa wajukuu walioachwa kwake na wazazi waliokwenda kutafuta maisha mjini. Majukumu haya hayana mwisho, na sehemu yake kubwa ndiyo inayotufanya tuwe watu. Lakini kwa mpango huu mtu anaweza kufika uzeeni hajawahi kuulizwa na yeyote yeye mwenyewe anapenda nini.

Sasa tuzifuate hizo fedha zinazosemwa kwamba zinapotelea kwenye starehe. Mzazi wa Newala anayemtoa mwali wakati wa likizo ya Desemba hununua sare za ndugu, hukodi maturubai na spika, hulisha wageni siku mbili tatu, humpamba mtoto, hutoa zawadi kwa nyakanga, mwalimu wa unyago. Wako wanaomaliza malipo ya msimu mzima hapo. Wako waliokwisha kuuza kwa kangomba, korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, ili shughuli isikwame. Ni fedha nyingi kweli, na anayezihesabu hakosei hesabu. Anakosea jina. Mama huyo hakujistarehesha hata kidogo. Amelipa deni la shughuli alizolishwa kwa wenzake, amelinda heshima ya ukoo, amehakikisha hatasemwa kisimani mpaka mwaka ujao. Tunachokiita starehe hapa ni wajibu wa kifamilia uliopandishwa bei, na walioupandisha bei hiyo ni ndugu walewale watakaomlaumu Februari kwa kushindwa kulipa michango ya shule. Anayemwambia aache starehe zake afikirie familia amemkosea mara mbili, kwa sababu starehe hizo hazikuwa zake na familia ndiyo aliyokuwa akiifikiria muda wote.

Jambo ambalo ni la mtu mwenyewe, kwa kawaida, ni rahisi kwa bei. Ukipita Mikindani au Kilwa Kivinje baada ya swala ya alasiri utaliona barazani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete zenyewe ni komwe zinazookotwa vichakani karibu na pwani bila kulipia. Ubao mmoja uliochongwa vizuri hurithiwa. Mchezaji huanza na kete 22 mkononi, ananamua, yaani anaziingiza ubaoni moja moja, mpaka ziishe, kisha mchezo unaingia kwenye mtaji, hatua ya kuzizungusha zilizo ubaoni, na hapo ndipo fundi anapojulikana, maana inambidi aone kete zitakakoishia baada ya mizunguko kadhaa kabla hajagusa shimo. Anayeziweza hesabu hizo anaheshimiwa pale bila kuulizwa ana ekari ngapi wala ana watoto wangapi. Mvuvi aliyerudi mtumbwi mtupu anaweza kumfunga karani wa bandari mbele ya watu, na hakuna kati yao anayeliona hilo kuwa ajabu. Ndivyo ilivyo kwa mpiga dufu wa maulidi, kwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya parokia, kwa kijana anayecheza beki wa timu ya kata akijua wazi kwamba hatasajiliwa Namungo. Hakuna hata mmoja wao anayemaliza fedha za korosho. Wanachohitaji ni muda na ruhusa, na ruhusa ndiyo iliyo adimu zaidi.

Katika hoja zinazotolewa dhidi ya jambo hili, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba huku kutafuta furaha yako binafsi ni mambo ya Kizungu, ni ubinafsi, na Mwafrika anajitambua ndani ya jamaa zake peke yake. Historia ya mwambao huu inakataa. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanganyika, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ikasambazwa na askari na wapagazi waliorudi makwao, hadi kusini ambako ilizaa mganda upande wa Ziwa Nyasa. Wachezaji wake walijipa vyeo: kingi, jenerali, kapteni, daktari. Mchana mtu alikuwa kuli au kibarua anayeitwa boi hata akiwa na mvi. Jioni alikuwa na cheo, na sare aliyoishona kwa mashindano, na wenzake waliomtii kwa hiari. Cheo hicho hakikumpa mshahara, na ukoo wake haukuwa umemchagua. Wakubwa wa serikali ya kikoloni na wamisionari walinung'unika kwamba watu wanapoteza fedha na muda. Manung'uniko ya leo ni ya zamani kuliko wanaoyatoa. Hata Kanisa la hapa halikuwa na sauti moja kuhusu ngoma. Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alichagua kuiingiza jando ndani ya Ukristo badala ya kuifuta, na wapo wenzake waliomwona amekosea.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni mapiko. Mchezaji wa mapiko huvaa kichwa cha mti kilichochongwa, hujifunika mwili mzima, na watazamaji hawatakiwi kumjua. Kwa muda ule mtu anaacha kuwa baba wa fulani, mjomba wa fulani, mwanachama namba fulani wa chama cha msingi, mdaiwa wa duka la fulani. Anabaki na kipaji chake, miguu yake na ngoma. Wamakonde walikuwa na jambo hili kabla hajaja mtu wa kuwafundisha saikolojia. Aliyelitunga alijua kwamba majukumu, hata yale tunayoyapenda, hulemea, na akaandaa mahali ambapo mtu anaweza kuyatua bila kuyatelekeza. Sioni namna gani hilo linaweza kuitwa la kuiga.

Hoja nyingine ni ya watu wenye nia njema: maskini ashibe kwanza, nafsi itafuata. Ina nguvu zaidi, kwa kuwa njaa haina mjadala. Lakini kushiba huko hakujawahi kupangiwa tarehe, na kusini kuliko popote tunajua ahadi za uchumi zinavyokwenda. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga Nachingwea; bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa, mpango ukafa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikafungwa na kung'olewa. Mwaka 2013 Mtwara ilichafuka kwa sababu ya gesi ya Mnazi Bay. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na vijana waliosomea ufundi wakitarajia ajira ya gesi wengi wao waliishia kwenye bodaboda huku mradi wa kuchakata gesi Likong'o, Lindi, ukizungumzwa mwaka hadi mwaka. Novemba 2018, bei za wanunuzi zilipogoma kupanda, serikali ilizichukua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliingiza jeshi kwenye kazi hiyo, na wakulima wengi wakangoja malipo kwa miezi. Mtu aliyejengewa imani kwamba thamani yake ni kazi yake peke yake amekabidhi thamani hiyo kwa mnada, kwa bei ya dunia, kwa mkataba unaojadiliwa mahali asipoingia. Mwaka wa bei nzuri anatembea kifua mbele, mwaka wa bei mbaya anakunywa. Kwa hiyo sikubali kwamba jambo la nafsi lingojee uchumi utulie. Kwa mtu wa kipato kinachoyumba lina haraka zaidi, kwa sababu ndilo jambo pekee katika maisha yake ambalo bei haiwezi kulishusha.

Kuna wanaoitetea ngoma na sanaa, na kwao nina malalamiko pia. Utetezi wao siku hizi una mstari mmoja: sanaa ni ajira, utamaduni ni utalii. Tamasha la MaKuYa, linalokutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao mjini Mtwara, wanalisifia kwa wageni linaowaleta. Kinyago wanakisifia kwa dola. Siwezi kudharau upande huo. Wachongaji wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kuwa vibarua wa mashamba ya mkonge, na soko la vinyago la Dar es Salaam liliwafungulia maisha. Bila wanunuzi wa miaka ya 1950 huenda tusingeijua mitindo mipya iliyozuka wakati ule, ya shetani ya Samaki Likankoa na ile ya watu waliopandana ya Roberto Yakobo Sangwani, ambayo baadaye iliitwa ujamaa. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 huku kwetu kusini, alifika kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2005. Lakini tukumbuke kwamba soko lilikuta watu tayari wanachonga. Vichwa vya mapiko vilichongwa kwa ajili ya kuchezwa, na mchongaji alipata jina uwanjani, mbele ya watu waliojua kutofautisha kazi nzuri na mbaya. Tukiwafundisha vijana kwamba kuchonga kuna maana pale tu kinyago kinaponunuliwa, mwaka ambao watalii hawaji watatupa patasi, na hatutakuwa na haki ya kuwashangaa.

Mtazamo huo umeingia hadi kwenye utaratibu wa serikali za mitaa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, na ni jambo jema kwamba ipo. Ila kwa kuwa mlango wa kikundi kutambuliwa na kusaidiwa unapitia hapo, kila kikundi kinajifunza kujieleza kwa lugha ya mradi. Akina mama waliokuwa wakikutana kuimba wanaandika kwamba wanatengeneza sabuni. Vijana wa sarakasi wanajiita wajasiriamali. Baada ya muda kikao cha kuimba kinageuka kikao cha marejesho, anayechelewesha anaogopwa, na asiyeweza kurejesha haji tena hata kwenye wimbo. Nimeona kikundi kizuri cha uimbaji kikivunjika hivyo, na kilichokivunja hakikuwa uhaba wa fedha. Zilikuwa fedha zenyewe, kwa namna zilivyoingia.

Nimeliacha mpaka hapa pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote, na sitajifanya nimelimaliza. Wanawake wengi wanaposikia habari za baraza la bao hukunja uso, na wana haki. Saa mbili za mume barazani zinalipiwa na mtu nyumbani. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ambako visima ni vya taabu na vyanzo viko mabondeni, maji peke yake yamekula asubuhi za wanawake kwa vizazi. Ongeza kuni, kutwanga, kubangua, watoto, wagonjwa, misiba. Ukisema mtu atafute jambo lake nje ya kazi na familia bila kugusa mgawanyo huu wa shughuli, umewaongezea wanaume ruhusa ambayo tayari walikuwa nayo na wanawake umewaongezea lawama kwamba hawajitafutii furaha. Uzee wa mwanamke nao haumpi likizo. Nina shangazi yangu Lindi, muuguzi mstaafu, ambaye tangu siku aliyokabidhi sare muda wake umehesabiwa na wanawe kuwa ghala la wazi. Kila mmoja ameleta mjukuu. Jambo alilolipenda tangu usichana ni kusuka mikeka ya ukili wa rangi, na sasa anafunga mlango Alhamisi alasiri akasuke na wenzake watatu. Watoto walipomshauri auze ile mikeka mitandaoni, alikataa. Ile aliyoipenda anaitandika mwenyewe. Wakamwona amekuwa mkaidi kwa uzee, na mimi namwona ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu aliyewahi kusema hapana kwa sababu isiyohusu ugonjwa.

Pingamizi jingine zito ni la watoto wa shule. Unyago na jando vinapoingia ndani ya muhula, au vinapowaaminisha wasichana wadogo kwamba sasa ni wanawake kamili, gharama yake inabebwa na mtoto ambaye hakushauriwa, na mimba za utotoni katika mikoa hii si jambo la kubishaniwa. Hapa nakubaliana kabisa na wakosoaji: likizo ndiyo wakati, umri uheshimiwe, na mafundisho yatazamwe upya na manyakanga wenyewe wakiwamo. Lakini tutenganishe mambo. Unyago wa mtoto ni shughuli ya ukoo. Kwamba nyakanga ana nyimbo mamia kichwani, na kwamba akizianzisha sauti yake inabadilika na mgongo unanyooka, hilo ni jambo lake yeye, na linaweza kulindwa hata pale tunaporekebisha lile la kwanza. Kwa haraka ya kurekebisha tunavipiga marufuku vyote kwa pamoja, halafu tunashangaa wazee wanapotuona kuwa adui.

Kwa mstaafu mambo haya yana sura kali zaidi, maana kwake majukumu mawili huondoka karibu kwa wakati mmoja. Sheria inamruhusu aondoke kazini kwa hiari akiwa na miaka 55 na kumlazimisha akifika 60, na umri huo ndio watoto wa mwisho wanapoanza kujitegemea. Semina za wastaafu watarajiwa humwandaa kwa mafao, magonjwa yasiyoambukiza na matapeli, na yote hayo ni ya lazima. Matapeli wa mafao wapo na wana njaa. Halafu humtuma akafuge kuku, yaani atafute kazi nyingine haraka ili asije akakaa na swali. Wengi tunawajua: bwana shamba au mwalimu aliyekuwa nguzo ya mtaa, na miaka miwili baada ya kuaga anatafuta ugomvi wa mipaka ya kiwanja kwa sababu ni kesi tu inayomfanya aitwe mahali. Kikokotoo cha asilimia 40 hakitibu hilo, wala cha 50 kisingelitibu. Ambaye amekuwa na kwaya yake, bao lake au shairi lake tangu akiwa na miaka 30 anafika hapo na mahali pa kwenda Jumatatu. Ambaye hajawahi kuwa nalo hawezi kuliagiza kwa barua siku ya kuagwa, kwa sababu jambo la namna hii hukua polepole na huanza vibaya. Unaimba nje ya sauti mwaka mzima kabla hujakubalika.

Nini kifuate, basi? Halmashauri zetu zinaweza kufungua daftari la vikundi vya burudani, michezo na sanaa lisilodai mpango wa biashara, na kuvipa vitu vya bei ndogo: chumba cha shule jioni, taa ya uwanja, usafiri wa kwenda kushindana kata ya jirani. Mipango miji ya Mtwara na Lindi, inayopima viwanja kwa kasi sasa, inaweza kuacha mabaraza na viwanja vya wazi kabla havijauzwa vyote, kwa kuwa bao halichezwi ndani ya uzio. Kila bomba la maji linalopanda Newala litazamwe pia kama saa zinazorudishwa kwa wanawake, na ndani ya nyumba saa hizo zizungumzwe wazi zitakuwa za nani, kwa sababu zikiachwa bila mwenyewe zitamezwa na shamba kabla wiki haijaisha. Semina za wastaafu zianze mapema, mtumishi akiwa na miaka 45, na ziulize swali moja ambalo halihusu fedha.

Kuhusu korosho, mawaidha yangu kwa mume na mke wa Tandahimba msimu huu ukilipa yanafanana na ya wengine kwa sehemu kubwa: ada kwanza, salfa ya msimu ujao, bati, akiba ya ugonjwa. Shughuli ya mwali ipunguzwe kwa makubaliano ya ukoo mzima, mjomba akiwa msemaji, maana mzazi mmoja akiipunguza peke yake ataaibishwa na mwaka ujao atarudi palepale. Kisha kabla fedha hazijaisha watenge mafungu mawili madogo, moja la kila mmoja, ambalo mwenzake hatalidai hesabu: liwe la ngozi mpya ya ngoma, nauli ya kwenda kuimba Masasi, rangi za ukili, redio, vitabu, chochote. Fungu la mke lisiwe dogo kuliko la mume, na chumvi ikiisha jikoni lisiguswe.